Kamba, Msumari na Uchungu: Ufundi wa Kale wa Pwani ya Afrika Mashariki katika Ushahidi wa Maneno



Mwezi Machi 1498, merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga katika kisiwa cha Msumbiji. Katika shajara ya safari ile, mwandishi wake, ambaye alikuwa mmoja wa waliokuwemo chomboni, aliandika mambo mawili ambayo ningependa tuyaweke pamoja jioni ya leo. La kwanza ni kwamba vyombo vya wenyeji aliowakuta vilikuwa vikubwa wa kutosha, lakini havikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishikanishwa kwa kamba, na matanga yake yalikuwa ya majani yaliyosukwa mfano wa mikeka. La pili ni kwamba manahodha wa vyombo hivyo hivyo walikuwa na sindano za dira za namna ileile waliyoitumia Wareno wenyewe, walikuwa na vipimo vya kupimia kimo cha nyota, na walikuwa na ramani za bahari.

Msomaji wa haraka huyapita mambo haya mawili kana kwamba hayahusiani. Mimi nimekuwa nikiyarudia kwa miaka mingi, kwa sababu yakiwekwa bega kwa bega yanazua swali lisilokwepeka. Mtu anayemiliki dira na ramani, anayefanya biashara na nchi zinazofua chuma, na ambaye pwani yake mwenyewe ilisifika kwa chuma tangu zamani za al-Idrisi katika karne ya 12, kwa nini anashona chombo chake kama anayeshona kanzu?

Jibu lililotolewa mara nyingi, na ambalo bado linasikika, ni kwamba hakujua. Hoja yangu katika mhadhara huu ni kinyume cha hapo. Nitajaribu kuonyesha kwamba alijua na akachagua, na kwamba ushahidi wa uchaguzi huo umo katika maandishi ya wageni kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili umo katika msamiati wetu wenyewe, ambao sisi wanaisimu tumeuacha ulale. Nitatumia mifano mitatu: chombo cha bahari, nyumba na mshale. Sitaigawia muda sawa, maana utajiri wake haulingani.

Chombo kilichoshonwa

Habari ya kale kabisa tuliyo nayo kuhusu pwani hii kwa maandishi ni ile ya kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus, kilichotungwa katikati ya karne ya 1 na mfanyabiashara aliyekuwa na makao Misri. Soko la mwisho analolitaja upande wa kusini analiita Rhapta, naye hasiti kutueleza sababu ya jina hilo: ni vyombo vilivyoshonwa. Kitenzi cha Kigiriki kilichozaa jina hilo maana yake ni kushona. Hivyo basi, mji wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata jina katika maandishi ulipewa jina la ufundi, na ufundi wenyewe ni wa sindano na uzi. Wanaakiolojia wangali wanabishana juu ya mahali ulipokuwa mji huo, wengine wakiutafuta katika delta ya Rufiji na wengine kwingineko. Kwa mintarafu ya mada yetu, mahali si hoja; hoja ni kile kilichomshangaza mgeni hata akakifanya kuwa alama ya mji.

Mwandishi huyo huyo anaorodhesha bidhaa zilizopelekwa Rhapta. Kulikuwa na mikuki iliyotengenezwa makusudi huko Muza, katika Yemen, kulikuwa na mashoka na majambia, na kulikuwa na vyuma vidogo vya kutobolea. Naomba tusimame kidogo kwenye vyuma hivyo. Chuma kiliingia nchini, tena kwa umbo la silaha na zana. Watu wa Rhapta hawakukosa chuma. Yamkini walikinunua ili kutoboa matundu ambayo kamba ingepita. Kwa maneno mengine, waliitumia zana ya chuma kuunda chombo kisichokuwa na chuma.

Sasa tutazame chombo chenyewe kwa umbo tunalolifahamu vizuri zaidi, nalo ni la mtepe wa Lamu, Pate na visiwa vya Wabajuni, uliodumu hadi miaka ya 1930. Mtepe ulianza kuundwa kwa ganda la nje. Ubao uliwekwa ukingo kwa ukingo juu ya ubao mwenzake, ukashikizwa kwa vijiti vya mti vilivyopenyezwa ndani ya unene wa mbao, kisha ukashonwa kwa kamba za makumbi zilizopita katika matundu yaliyotobolewa kwa mstari. Matundu yalizibwa kwa vijiti, nyufa zikatiwa kalafati, na mwili wote ukapakwa sifa, yaani mafuta ya papa. (Wanafunzi wangu hucheka kila wanaposikia kwamba sifa hupakwa chombo, nawaambia ni neno jingine lililogongana kwa umbo na lile la kusifia.) Mbavu za ndani ziliingizwa baada ya ganda kusimama, kinyume cha utaratibu uliokuja kuzoeleka Ulaya wa kusimamisha mifupa kwanza na kuipigilia ngozi baadaye. Juu ya mlingoti mmoja lilining'inia tanga la mraba la miyaa iliyosukwa. Omo lake lilichongwa mfano wa kichwa cha ngamia, na wenyewe walisimulia kwamba ni kumbukumbu ya ngamia wa Mtume.

Kamba yenyewe ilikuwa na historia kabla ya kufika kwenye ubao. Kumbi la nazi lilifukiwa katika tope la ufuoni, mahali ambapo maji ya kujaa na kupwa yalilifikia, likaachwa mpaka nyama yake ioze na kubaki nyuzi. Kisha lilifukuliwa, likafuliwa kwa magongo, nyuzi zikaoshwa na kusokotwa. Kazi hii kwa kiasi kikubwa ilikuwa ya wanawake, na bado inafanyika katika vijiji kadhaa vya Unguja. Uzi wa namna hii hauharibiwi upesi na maji ya chumvi, na unapovutwa hutanuka kidogo kabla ya kukatika. Tabia hizo mbili ndizo siri ya mtepe.

Ibn Battuta, aliyeitembelea pwani yetu mwaka 1331, aliifahamu siri hiyo. Akizungumzia vyombo vya Yemen na Bara Hindi, anaeleza kwamba bahari ile ina miamba mingi; chombo kilichopigiliwa misumari kikigonga mwamba huvunjika, ilhali kilichoshonwa hulegea, hupokea pigo na kubaki kizima. Hayo ndiyo maelezo ya mtu aliyesafiri ndani ya vyombo hivyo. Yalinganishwe na maneno ya Marco Polo, aliyeviona huko Hormuz mwishoni mwa karne ya 13 na kuvidharau, akisema ni vibaya na hupotea kwa wingi kwa sababu havina chuma. Hata hivyo, Marco Polo mwenyewe alikiri kwamba uzi wa kumbi hauliwi na maji ya bahari. Kabla yao wote, katika karne ya 6, Procopius alilazimika kukanusha uvumi kwamba vyombo hivyo hushonwa kwa kuhofia miamba yenye sumaku inayong'oa misumari. Alisema, kwa haki kabisa, kwamba vyombo vya Warumi vilivyojaa chuma vilipita katika Bahari ya Shamu bila kudhurika. Jibu alilolitoa yeye badala ya uvumi huo lilikuwa kwamba watu wa huko hawana chuma. Nadhani alikwepa ngano moja akaangukia nyingine.

Kwa pwani yenye matumbawe kama yetu, faida ya mtepe haikuishia kwenye miamba. Chombo hiki kilielea katika maji machache, kikaingia katika mikono ya bahari yenye mikoko kufuata boriti, kikaachwa kikae juu ya mchanga maji yanapokupwa ili kipakiwe, kisha kikanyanyuliwa na maji yanapojaa. Hakikuhitaji gati. Gati lake lilikuwa ni ujuzi wa bamvua na maji mafu, na ujuzi huo ulikuwa kichwani mwa nahodha. Chombo kigumu kikilazwa ubavu kila siku namna hiyo, viungo vyake huteseka. Mtepe ulijilaza.

Sitaki kuupamba kupita kiasi. Mtepe ulivuja. Mabaharia wake walifua maji usiku na mchana, na kamba zililazimika kukaguliwa na kushonwa upya mara kwa mara. Aidha, mwili unaolegea haufai kubeba mizinga mizito, na katika bahari ambayo baada ya 1498 ilitawaliwa na mizinga, udhaifu huo ulikuwa na gharama yake. Msumari ulienea katika vyombo vikubwa vya Bahari ya Hindi kwa sababu aina ya vita ilibadilika, na kwa sababu misumari ilipatikana kwa bei nafuu zaidi. Kuanzia hapo mtepe ukabaki kuwa chombo cha boriti na cha safari za pwani. Ulishindwa na mazingira mapya. Haukushindwa na ujinga wa mafundi wake.

Kama kuna anayedhani chombo kilichoshonwa ni cha kuvukia mtoni tu, na asikilize habari za Belitung. Mwaka 1998, katika bahari ya Indonesia, ilipatikana merikebu iliyozama katika karne ya 9 ikiwa na shehena ya vyombo vya kauri vya Kichina takriban 60,000. Bakuli moja lina tarehe inayolingana na mwaka 826. Merikebu hiyo ilikuwa imeshonwa kutoka mwanzo hadi mwisho, na mbao zake zilitambuliwa kuwa za jamii ya miti ya Kiafrika iliyo ndugu wa mkongo wetu, ambao wengine huuita mbambakofi. Serikali ya Oman ilijenga chombo cha kufanana nayo, kikapewa jina la Jewel of Muscat, na mwaka 2010 kikasafiri kutoka Muscat hadi Singapore. Hakikuwa na msumari.

Hapa ndipo isimu inapoingia. Neno *msumari* ni la Kiarabu. *Dira* ni la Kiarabu, na *nahodha* lilitoka Uajemi. Wapo waliotumia maneno haya kuthibitisha kwamba ufundi wa bahari wa Waswahili uliletwa wote kutoka nje. Lakini kitenzi *shona* ni cha Kibantu, *kamba* ni neno la Kibantu, na *ubao* vilevile. Zaidi ya hayo, kiangalieni kitenzi *fua*. Asili yake katika Kibantu cha kale ni kugonga, na hasa kugonga chuma. Mhunzi hufua chuma, dobi hufua nguo, mkulima hufua nazi, mwanamke wa ufuoni hufua makumbi, na baharia hufua maji yaliyoingia chomboni. Katika uundaji na usafirishaji wa mtepe kitenzi hiki kinatumika tangu kwenye tope la kumbi hadi kwenye ngama. Kile kiitwacho kwa neno la kukopa ni kitu kilichokuja baadaye; shughuli iliyokuwepo kabla yake ina jina la nyumbani.

Samaki ndani ya birika

Katika nyumba nitapita kwa haraka, kwani wataalamu wa usanifu wameandika mengi kuhusu matumbawe yanayokatwa yakiwa mabichi na laini, yakachongwa nakshi kabla hewa haijayakausha, na kuhusu boriti za mikoko zinazoamua upana wa chumba uwe mita mbili na nusu au tatu, basi. Nataka kutaja jambo moja dogo la msalani ambalo kila anayelisikia kwa mara ya kwanza hutabasamu.

Katika nyumba za mawe za Lamu, karibu na choo, hujengwa birika la kuhifadhia maji ya kutawadhia na kuogea. Maji yaliyotuama huzaa mbu. Wenyeji walifuga humo samaki wadogo ambao hula viluwiluwi vya mbu. Aidha, sakafuni mwa birika walipachika bakuli la kauri ya Kichina, likazama katika chokaa hadi ukingoni, ili maji yanapopungua sana samaki wapate mahali pa kukimbilia mpaka birika lijazwe tena. Bakuli lililovuka bahari kutoka China, ambalo katika chumba cha ndani lingewekwa ndani ya zidaka ili wageni walitazame, hapa limefanywa kisima cha samaki.

Mtaalamu wa afya angeuita utaratibu huo udhibiti wa wadudu kwa njia ya viumbe hai. Mwenye nyumba hakuhitaji jina. Na kweli, nimelitafuta jina la Kiswahili la bakuli hilo katika kazi yake ya birikani, bila ya kulikuta katika kamusi.

Kabla sijaondoka kwenye samaki, niongeze kwamba Periplus inakitaja kisiwa cha Menouthias, ambacho wengine hukidhania kuwa Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia. Inasema kwamba watu wake huvua kwa namna ya kipekee: badala ya nyavu, hutega vikapu kwenye milango ya maji kati ya miamba. Nani katika ukumbi huu aliyekulia pwani asiyelitambua dema? Ni miaka karibu 2,000, na mtego ule ule wa fito zilizosukwa, wenye mdomo unaoingiza samaki na kumzuia kutoka, bado unauzwa na kutegwa. Sijui vitu vingi vya mkono wa binadamu vyenye umri huo ambavyo bado viko kazini.

Uchungu wa mshale

Sasa tuingie vitani. Mwaka 1505, Francisco de Almeida aliushambulia mji wa Mombasa. Masimulizi ya Wareno wenyewe yanaeleza juu ya vichochoro vyembamba, juu ya mawe yaliyorushwa kutoka kwenye mapaa bapa ya nyumba, na juu ya wapiga mishale wa bara waliokuja kuutetea mji. Yanataja mishale iliyotiwa sumu ambayo waandishi hawakuijua asili yake. Mji ulichomwa na kuporwa. Mizinga ilishinda, kama ilivyokuwa ikishinda mahali pengi wakati ule. Lakini ile sumu ina habari ndefu, na nadhani ndiyo uvumbuzi wenye akili nyingi kuliko wote ninaouzungumzia leo.

Wamijikenda, Wakamba, na hasa Wata waliowinda ndovu katika nyika ya nyuma ya Malindi, waliipata sumu hiyo kutoka kwenye miti ya jenasi ambayo wataalamu wa mimea huiita Acokanthera. Vipande vya mti na mizizi vilichemshwa kwa saa nyingi, maji yakachujwa na kuchemshwa tena mpaka kikabaki kitu cheusi kizito kama lami. Namna ya kuipima ilikuwa kama ifuatavyo. Mtu alijichanja mkononi, akaiacha damu itiririke kuelekea chini, kisha akaigusisha sumu mwishoni mwa mchirizi, mbali na jeraha. Sumu ikiwa kali, damu ilibadilika rangi na kuganda kuelekea juu. Kasi ya kupanda kwake ndiyo ilikuwa kipimo. Kabla haijafika kwenye jeraha, ilifutwa. Hii ni maabara ya mtu mmoja isiyohitaji chombo chochote ila ujasiri na jicho zuri.

Mshale nao uliundwa kwa kuzingatia sumu. Haukuwa kijiti kimoja. Sehemu ya mbele, yenye chembe, ilichomekwa katika tundu la wano. Sumu haikupakwa kwenye makali, ambako ingefutika. Ilipakwa nyuma ya chembe, kisha ikazungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi ili isikauke na isimdhuru mbebaji. Ukanda uliondolewa pale tu uta ulipokuwa tayari kuvutwa. Mshale ukimpiga mnyama, wano linachomoka na kuanguka, nayo sehemu yenye sumu inabaki mwilini. Mnyama hawezi kuung'oa kwa kujisugua, na mwindaji huokota wano lake na kulitumia tena. Nyama huliwa bila madhara, kwa kuwa sumu hii ikipita tumboni haifyonzwi kwa kiasi cha kudhuru, wakati ikiingia katika damu huusimamisha moyo. Kulitambua hilo kulihitaji uangalizi wa vizazi. Naongeza, kwa wapenda viumbe, kwamba mwaka 2011 wanasayansi walichapisha uthibitisho kwamba yuko panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki mwenye manyoya marefu ambaye hutafuna magome ya mti huu na kujipaka mate yake yenye sumu ubavuni, hata mbwa anayemuuma huweza kufa. Binadamu hakuwa peke yake katika kuligundua jambo hili.

Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud alifanikiwa kuitenga sumu yenyewe, ikapewa jina la wabaini kutokana na neno la Kisomali la mti huo. Huko kusini, katika bonde la Zambezi, kulikuwa na sumu nyingine ya mishale iliyoitwa kombe. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea katika msafara wa Livingstone wa 1858 hadi 1863, alibeba sampuli yake pamoja na mswaki wake. Alipousugua mswaki ule alihisi uchungu mdomoni, na alipojipima aligundua kuwa mapigo ya moyo wake yameshuka. Huyu ndiye Kirk aliyekuja kuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar. Thomas Fraser wa Edinburgh aliichunguza kombe, na katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 ikawa dawa ya moyo katika hospitali za Ulaya. Mmea wenyewe hadi leo unaitwa Strophanthus kombe katika vitabu vya sayansi. Ama wabaini, ndiyo iliyomsaidia Jens Skou wa Denmark, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, kukitambua kimeng'enya kinachosukuma sodiamu na potasiamu katika kuta za seli. Skou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Turudi kwenye maneno. *Sumu* ni neno la Kiarabu. Kama tungefuata mantiki ya wale wanaopima ujuzi kwa asili ya neno, tungesema kwamba sumu pia ililetwa na majahazi. Lakini Wagiriama huita sumu ya mshale *utsungu*, na mti wake *mutsungu*. Mwanafunzi yeyote wa fonolojia ya lugha za pwani anajua kwamba *ts* ya Kigiriama hulingana na *ch* ya Kiunguja na *t* ya Kiamu: *mutsanga*, *mchanga*, *mtanga*, *matsozi*, *machozi*, *matozi*. Basi *utsungu* ni *uchungu*, nao ni *utungu*. Neno tunalolitumia kwa ladha ya mwarobaini, kwa huzuni ya msiba na kwa maumivu ya mzazi, kwa jirani zetu ndilo jina la silaha. Kirk aliyeonja mswaki wake na kusema ni mchungu alikuwa ametaja, bila kujua, jina ambalo Wagiriama waliipa sumu yao wenyewe. Kiswahili kilipopokea *sumu* kilikiachia *uchungu* kazi nyingine, na kwa njia hiyo kikaficha alama ya ujuzi wa zamani.

Kulikuwa na ufichaji wa pili, na huu haukuwa wa kiisimu. Hifadhi ya Taifa ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, na katikati ya miaka ya 1950 ikaendeshwa kampeni kali dhidi ya wawindaji wa Kiwata na Kikamba. Wengi walifungwa. Uta wao mkubwa, ambao nguvu ya kuuvuta imelinganishwa na ya uta mrefu wa Waingereza wa Zama za Kati, ukawa kielelezo mahakamani. Sizungumzii hapa haki ya ndovu, ambayo ni nzito. Ninachosema ni kwamba msamiati mzima wa kuchemsha, kupima, kufunga ngozi na kunyoosha wano uligeuka kuwa ungamo la kosa, na mtu hafundishi mwanawe hadharani maneno ambayo yanaweza kumfunga.

Maneno yaliyobaki

Kwa muda mrefu kamusi zetu zimekuwa na desturi ya kumalizia maelezo kwa "aina ya". Aina ya samaki, aina ya mti, aina ya chombo cha zamani. Ninawaelewa watunzi wake. Kamusi ina kurasa chache na fedha chache zaidi. Hata hivyo, mtu atakayetaka kushona mtepe kwa kutegemea kamusi atakuwa na jina la chombo, wala hatakuwa na jina la fundo.

Jambo hili si la kubuni. Mwanzoni mwa karne hii mtepe ulishonwa upya Zanzibar na kuwekwa katika ukumbi wa Beit al-Ajaib. Mitepe ya kweli ilikuwa imetoweka tangu miaka ya 1930, kwa hiyo kazi ililazimika kutegemea picha za zamani, vielelezo vidogo vilivyohifadhiwa katika makumbusho, na maelezo ya Waingereza waliopita wakitazama. Ubao ulipatikana, makumbi yalipatikana, na mikono ya kusokota kamba ilikuwepo bado vijijini. Kilichoadimika ni maelekezo: kamba huanza kupita upande gani, huvutwa mara ngapi, na huitwaje kila hatua. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo lenyewe la Beit al-Ajaib iliporomoka.

Wasokotaji wa makumbi wa Unguja wangali wanafua, wasukaji wa madema wangali wanasuka, na wazee wa Kigiriama wanaoujua mutsungu hawajaisha wote. Wanafunzi watatu wa uzamili wakipewa kinasa sauti na miezi sita kwa kila kijiji wangeweza kuandika majina ya kila kifundo, kila fito na kila hatua ya uchemshaji, kwa lahaja ya mwenyewe, pamoja na kitenzi kinachoambatana nayo. Ningependa waanze na makumbi, kwa kuwa wanawake wanaoyafukia hujua pia saa za maji, na maneno ya mambo hayo mawili wanayatumia kwa pamoja.